Kulala hoteli ya kale Penang, au kuingia tu na kutoka?

SWALI: Mimi na mama tunakwenda Kuala Lumpur mwezi wa Julai kwa mahafali ya mdogo wangu, kisha tumetenga siku nne za George Town, kisiwani Penang. Nimeiona pichani ile hoteli nyeupe ya enzi za ukoloni iliyo pembezoni mwa bahari na nimeitamani, ila bei ya usiku mmoja imenitoa jasho. Je, inastahili? Tusipolala pale, tunaruhusiwa kuingia? Tungependa pia migahawa ya zamani yenye chakula cha halali, na makumbusho mawili matatu, si kumi. Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Msomaji, Tanga.

JIBU: Dada yangu, shikamoo yangu kwanza imfikie mama.

Nianze na hiyo pesa. Msilale pale. Nasema hivi nikiwa mtu ambaye kazi yake ni kukarabati nyumba za kale za Mji Mkongwe, Unguja, na ambaye amekwenda George Town mara tatu akiwa na daftari na kipimo mkononi. Hoteli uliyoiona ni Eastern & Oriental, wenyeji huiita E&O basi. Ina heshima yake, lakini heshima hiyo haiko chumbani. Ilifungwa mwaka 1996 kwa matengenezo makubwa, ikafunguliwa tena 2001. Kitanda, bafu na kiyoyozi utakavyolipia ni vya hoteli yoyote nzuri ya leo, vimewekwa nyuma ya uso wa kale. Na ukiona bei imeshuka ghafla, soma vizuri jina la jengo, maana Victory Annexe ni ghorofa lililoongezwa mwaka 2013. Utakuwa umelala jirani na historia.

Kuingia mnaruhusiwa. Nendeni mkanywe chai ya alasiri, ile ya Kiingereza yenye sahani za ghorofa, na wekeni nafasi siku moja au mbili kabla. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya chumba. Vaeni vizuri. Buibui la mama halina tatizo, tatizo ni kandambili. Ulizeni mapema vitafunwa vimetiwa nyama gani, wamezoea kuulizwa. Mkifika ukumbi wa mbele, mwambie mama asimame katikati, chini ya kuba, aseme neno. Sauti inamrudia. Kisha tokeni nyuma mpaka kwenye bustani, mkae mkitazama maji.

Hoteli hii ilianza mwaka 1885, na walioianzisha hawakuwa Waingereza. Walikuwa ndugu wa ukoo wa Sarkies, Waarmenia wa Isfahan, Uajemi. Mwaka 1887 wakafungua Raffles kule Singapore, na mwaka 1901 ikafuata Strand ya Rangoon, Burma. Yaani hoteli tatu zinazotajwa kila mahali kama sura ya Uingereza huko Mashariki zilikuwa biashara ya wageni waliotoka Uajemi. Arshak Sarkies ndiye aliyekuwa na Penang. Aliipanua sana miaka ya 1920, mdororo wa uchumi ukamkuta na madeni, akafariki 1931, na mwaka huohuo kampuni ya familia ikafilisika. Watalii wengi hupewa majina ya waandishi waliolala pale, Kipling na Maugham, wakaondoka nayo. Mimi Arshak ndiye hunikaa kichwani.

Sasa mlale wapi? Laleni kwenye nyumba-duka. George Town ina maelfu ya nyumba hizi, nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma, duka chini, familia juu, na katikati uwazi wa kuingiza mwanga na mvua. Nyingi zimegeuzwa nyumba za wageni. Tafuteni mitaa ya Muntri, Armenian na Stewart Lane. Mbele ya kila nyumba kuna ujia wenye paa ambao Wamalay huuita kaki lima, futi tano. Ni baraza la kwetu kabisa, ila hili unapita ndani yake, na ndani yake watu hufua, hucheza dama, huegesha pikipiki.

Nawapa tahadhari kutokana na yaliyonipata. Safari yangu ya kwanza nilichukua chumba cha bei poa bila kuuliza, nikapewa cha katikati ya nyumba, hakina dirisha hata la kutoa mkono. Kilikuwa na harufu ya ukuta uliofunikwa saruji, harufu ninayoijua kama ninavyojua ya karafuu. Kwa hiyo ulizeni maswali matatu kwa maandishi: chumba kina dirisha la nje? Kiko chini au juu? Ngazi zikoje? Ngazi za nyumba hizi ni kali kama za dau, na mama mwenye magoti lazima apate chumba cha chini. Kwenye bili mtaona ringgit 10 kwa kila chumba kwa kila usiku, kodi ya utalii kwa mgeni asiye raia. Si wizi.

Kuna jambo napenda ulijue kabla hujaanza kupiga picha. Nyumba hizi hazikusalia kwa sababu watu walizienzi. Zilisalia kwa sababu sheria ya kodi ya nyumba ilizuia wenye nyumba kupandisha pango, hivyo hawakuwa na hamu ya kubomoa wala kujenga. Sheria ilipokoma mwaka 2000, wapangaji wa miaka na miaka wakaanza kuhama. UNESCO ilipouandika mji huu, pamoja na Melaka, kwenye orodha ya urithi wa dunia tarehe 7 Julai 2008, bei zikapaa zaidi. Chumba mtakacholala huenda kilikuwa cha fundi cherehani. Sisi wa Mji Mkongwe, tulioandikwa mwaka 2000, tunaijua hadithi hiyo. Tarehe 7 Julai ni sikukuu ya jimbo zima kule, kwa hiyo mkiweza pangeni muwepo. Siku za karibu na hapo huwa na shughuli nyingi mitaani.

Makumbusho. Umesema mawili matatu, nami nakupongeza.

La kwanza, na kama ni moja tu basi ndilo hili: jumba la Cheong Fatt Tze, mtaa wa Leith, lile la rangi ya buluu. Kwa watu wa kazi yangu ni darasa. Mwenyewe alizaliwa China mwaka 1840 katika jamii ya Wachina waitwao Wahakka, akaenda Batavia, Jakarta ya leo, akiwa kijana fukara, na akaishia kuwa tajiri mwenye biashara kutoka Sumatra hadi China na balozi mdogo wa China hapo Penang. Alikuwa na wake wanane, na jumba hili anatajwa kulipendelea kwa ajili ya mke wa saba. Alipofariki mwaka 1916, Waingereza na Wadachi waliamuru bendera zipepee nusu mlingoti. Wosia wake ulikataza jumba kuuzwa mpaka mwanawe wa mwisho wa kiume afe, kwa hiyo liliuzwa mwaka 1989, likiwa hoi na limejaa wapangaji. Walilinunua wenyeji wachache wa Penang, wakalirudisha taratibu, na mwaka 2000 likapata tuzo ya juu ya UNESCO ya uhifadhi wa Asia na Pasifiki.

Lina vyumba 38, nyua 5, ngazi 7 na madirisha 220. Ila usihesabu, gusa ukuta kwa macho. Ile buluu ni nili, nili ileile ya kufulia nguo nyeupe ya bibi zetu kabla ya unga wa dukani, iliyochanganywa na chokaa. Chokaa hupumua. Mvua ikinyesha ukuta unakunywa, jua likiwaka unatema, na rangi inabaki. Ukiupaka saruji na rangi ya mafuta, maji hubaki ndani na ukuta unaoza kama jino. Nimepigana vita hii Unguja kwa miaka na wenye nyumba wanaotaka “kitu imara”. Pale niliwaona watu walioshinda.

Kisha inua macho juu ya paa. Maua, ndege na watu waliopamba pale juu wametengenezwa kwa vipande vya bakuli za kauri, zilizokatwa kwa koleo na kubandikwa kwenye lipu kimoja baada ya kingine. Mtu wa pwani yetu hawezi kutazama bila kushtuka, kwa sababu na sisi tulibandika kauri za China kwenye kuta: makaburi ya nguzo ya Kunduchi, misikiti ya kale, vidaka vya Lamu. Sisi tulizipachika nzima. Wao, waliozitengeneza, wakazivunja kwanza. Na nguzo za chuma utakazoziona uani zilitoka Scotland, jamaa wa zile za Beit al-Ajaib yetu ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Nilisimama karibu na nguzo moja pale Leith muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumba hili ni hoteli pia, kwa hiyo hamtembei mnavyotaka. Ipo ziara ya kuongozwa kwa saa maalumu. Chukueni ya asubuhi kabla ya joto, na fikeni mapema mama apate pa kukaa, kwani mwongozaji huanza kwa kuzungumza kwa muda watu wakiwa wamesimama.

La pili ni Pinang Peranakan Mansion, la kijani, mtaa wa Lebuh Gereja. Mimi mwenyewe halinikoshi sana. Limejazwa vitu zaidi ya elfu moja mpaka unajisikia umeingia duka la sonara. Lakini mama atalipenda, na likizo ni ya mama pia. Ataona kitanda cha arusi, vyombo vya rangi ya waridi, vikuku, na viatu vilivyodariziwa shanga ndogo kama mbegu za mchicha. Ni maisha ya Baba na Nyonya, wazao wa wafanyabiashara wa Kichina waliochanganyika na wenyeji wa Kimalay, wakapata kanga zao, mapishi yao, na Kimalay chao cha namna yake. Mtu wa Tanga au Mombasa hahitaji kueleweshwa zaidi watu wa bandarini hupatikana vipi. Jambo moja waongozaji huligusa juujuu: aliyelijenga, Chung Keng Quee, hakuwa Baba. Alikuwa Mhakka, bwana wa machimbo ya bati na mkuu wa chama cha siri cha Hai San, na mahali hapo palikuwa makao ya chama hasimu cha Ghee Hin kabla hajapanunua. Ukipanda ngazi zile nzuri kumbuka zimesimama juu ya uwanja wa maadui zake.

Mkiwa bado na nguvu, Khoo Kongsi, nyumba ya ukoo wa Khoo, inatosha nusu saa. Walijenga hekalu la fahari mno mwaka 1901, likaungua punde tu baada ya kukamilika, na watu wakasema ni kwa kujifananisha na kasri la mfalme. Lililopo lilikamilika 1906 na wanadai limepunguzwa ukubwa. Nyumba namba 120 ya mtaa wa Armenian, ambako Sun Yat Sen, mwanamapinduzi wa China, alipanga mapinduzi mwaka 1910, ni ndogo na tulivu. Mwenye kupenda siasa aingie, wengine wapite.

Sasa nakuja kwenye makumbusho yasiyoitwa makumbusho, na hapa ndipo ningekuwa mimi ningetumia asubuhi nzima. Mtaa wa Acheh kuna msikiti uliojengwa mwaka 1808 na Syed Hussain Al-Aidid, sharifu wa asili ya Hadramaut aliyetokea Aceh, kaskazini mwa Sumatra, kufanya biashara. Mnara wake una pembe nane, na juu kuna tundu ambalo wenyeji wanasema ni la mzinga wa ghasia za mwaka 1867, vyama vile vya siri vilipopigana siku kadhaa mjini. Eneo lote lililouzunguka lilikuwa kituo cha mahujaji. Watu wa visiwa vya karibu walikusanyika hapo kungoja meli, wakanunua vitabu, viungo na sanda, mpaka pakaitwa Jeddah ya pili. Hatua chache kutoka hapo, kwenye kona ya mtaa wa Armenian, limesimama jumba la Syed Alatas, mfanyabiashara wa pilipili manga aliyepenyeza silaha kwa Waaceh walipopigana na Wadachi. Litazame hata kwa nje.

Kwa nini nakusukuma huko? Kwa sababu hao ni watu wetu. Masharifu waliotoka Hadramaut walipanda majahazi ya pepo mbili. Waliokuja huku walishukia Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija. Waliokwenda kule walishukia Aceh, Penang na Java. Habib Saleh, mwanzilishi wa msikiti wa Riyadha wa Lamu, alikuwa wa ukoo wa Jamalullail. Familia ya kifalme ya Perlis, jimbo lililo kaskazini mwa Penang, ni Jamalullail pia. Mwambie mama hivyo mkiwa mmekaa ukumbini mwa msikiti, halafu mwache atafakari. Msikiti mkubwa zaidi, Kapitan Keling, ulianzishwa 1801 na Waislamu wa Kihindi na upo mwendo mfupi. Swalini huko, kuna nafasi nzuri ya wanawake. Eneo hilohilo lina kanisa la mwaka 1818, hekalu la Wachina na la Wahindu, na saa ya adhana mtasikia na harufu ya ubani ikipita.

Chakula. Halali hakitawasumbua, maana vyakula vya kale zaidi vya mji huu ni vya Waislamu. Nasi kandar ndiyo mfalme. Nasi ni wali. Kandar ni mzegazega. Wachuuzi Waislamu kutoka Kusini mwa India walitembea bandarini na mzegazega begani, wali upande mmoja, michuzi upande wa pili, wakiwalisha makuli. Hameediyah, mtaa wa Campbell, wapo tangu 1907. Foleni inatoka nje lakini inakwenda. Mkifika mbele, onesha kwa kidole, na usizuie upakuaji: atachanganya michuzi mitatu minne juu ya wali mpaka uzame, na wao husema hivyo hasa, banjir, mafuriko. Hiyo ndiyo nasi kandar. Ukidai mchuzi pembeni umekula wali na mchuzi tu. Murtabak yao ni ndugu wa mkate wa mayai mnaoujua, ila mnene zaidi.

Kamba wakubwa na ngisi huuzwa kwa kipande. Mimi nilionesha kidole kamba wawili katika mgahawa mmoja mwingine, sitautaja, nikalipa karibu bei ya kulala. Haikuwa hila, mimi sikuuliza. Neno ni “berapa?”, kiasi gani.

Asubuhi kuleni roti canai na dengu, chapati ya kupigwa hewani, na chai ya maziwa wanayoimimina kutoka juu mpaka itoe povu. Mchana wa jua kali kuna cendol ya kando ya Penang Road, kibanda cha tangu 1936: tambi za kijani, maharage, tui la nazi na sukari ya mnazi juu ya barafu. Watu hula wamesimama, ila ombeni kiti kwa ajili ya mama. Mikahawa ya kahawa ya Wachina ni mizuri kwa macho, mingi ina nguruwe jikoni, hivyo tazameni cheti cha halali au mnywe kahawa kwingine.

Magoti ya mama basi. Mji wenyewe ni tambarare, joto ndilo adui. Tembeeni saa moja na nusu hadi saa nne asubuhi, pumzikeni, mtoke tena baada ya alasiri. Kaki lima zina kivuli lakini kila nyumba ina kimo chake, kuna kidaraja hapa, shimo la mtaro pale, kwa hiyo mkono wa mama uwe mkononi mwako. Basi la CAT huzunguka mji wa kale bila nauli. Teksi iteni kwa programu ya Grab, bei unaiona kabla ya kupanda. Beca, baiskeli ya abiria yenye maua ya plastiki na muziki, patana nauli na muda kabla mama hajaketi. Jumba la buluu lina ngazi, la kijani lina ngazi, na hakuna ubaya mama akabaki chini uani. Kwa jumba la buluu, chini ndiko kuzuri zaidi.

Kutoka Kuala Lumpur pandeni treni ya ETS hadi Butterworth, halafu feri. Ndege ni haraka zaidi, lakini mji wa bandari huingiwa kwa maji. Kabla ya kuingia Malaysia jazeni kadi ya kuwasili ya mtandaoni, MDAC, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni lazima tangu Januari 2024, na haina malipo, hivyo ukurasa wowote unaowadai dola si wa serikali.

Na lugha msiiogope. Meja ni meza, bendera ni bendera, sabun ni sabuni, kertas ni karatasi, waktu ni wakati. Jina lenyewe la kisiwa, Pulau Pinang, ni kisiwa cha popoo, ile ya tambuu. Kama mama bado anatafuna, akaulize sokoni Little India, karibu na mtaa wa Pasar. Watamfungia na jani lake, chokaa imeshapakwa.